Kuagiza na Kuchagua: Habari za Nguo za Ng'ambo na Watu wa Nchi Zetu

Liko neno moja katika lugha yetu ambalo limechukua mizigo ya nyakati mbili. Neno hilo ni mtumba. Zamani za misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo mpya, zilizokunjwa na kukazwa kwa kamba ili mpagazi mmoja apate kuuchukua kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Uzito wake ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70. Siku hizi mitumba ni nguo kuukuu, zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na penginepo, nazo hufika bandarini zimeshindiliwa katika marobota ya kilo 45 hivi. Nyakati zote mbili mzigo ni wa nguo, na nyakati zote mbili watoka ng'ambo. Walakini maana ya neno imegeuka, na pamoja nayo imegeuka hali ya mnunuzi mbele ya muuzaji. Katika makala haya twataka kuueleza mgeuko huo, kwa maana twaona ya kuwa wafundishao lugha na historia waweza kupata ndani yake mfano ulio wazi wa jambo ambalo wenye elimu ya jamii wamelijadili sana, yaani jinsi watu wa mahali padogo wanavyokutana na nguvu za ulimwengu mkubwa.

Jambo hilo siku hizi huitwa utandawazi. Neno lenyewe ni jipya, nalo limeundwa kwa kutanda na uwazi, kana kwamba dunia nzima imetandazwa kama mkeka. Lakini mwanamke wa pwani asemapo amejitanda kanga, hasemi kwamba ametandazwa na mtu mwingine. Asema ya kuwa ameishika nguo kwa mikono yake mwenyewe na kujifunika kwa jinsi apendavyo. Swali letu lote limo katika tofauti hiyo: ni nani ajitandaye, na ni nani atandazwaye?

I. Maoni mawili

Wenye elimu wamelijibu swali hilo kwa njia mbili. Wa kwanza husema ya kuwa biashara kuu ya dunia ni kama mafuriko, na vijiji vyetu ni kama mashamba ya bondeni, yasiyoweza kuyazuia maji yakishuka. Mmoja wao ni Walter Rodney, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1972 chasomwa hata leo. Yeye alishika neno hili, ya kuwa Afrika haikuachwa nyuma kwa bahati mbaya, bali ilirudishwa nyuma na biashara ile ile iliyoitajirisha Ulaya. Na katika ushahidi wake aliwataja wafumaji wa Afrika, ambao kazi yao ilishindwa na nguo za viwandani zilizoletwa kwa merikebu.

Wa pili husema ya kuwa watu wetu hawakuwa mashamba ya bondeni hata kidogo. Jeremy Prestholdt, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, aonyesha ya kuwa katika karne ya 19 matakwa ya wanunuzi wa Afrika ya Mashariki yalivigeuza viwanda vya mbali. Mfumaji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, na mfumaji wa Bombay, walilazimika kufuma kile kilichotakiwa na watu wa Unyamwezi na Uganda, ambao hawakupata kuwaona maisha yao yote.

Sisi twaona kwamba maoni haya hayapingani kama yanavyoonekana mara ya kwanza. Kila moja lina ushahidi wake, ila latazama upande mmoja tu wa nguo. Ili kuziona pande zote mbili yatupasa kuuliza jambo moja kila tufikapo katika kila wakati: je, watu waliagiza, au walichagua tu? Kuagiza ni kumwambia mfumaji afume nini. Kuchagua ni kupekua kile kilichokwisha kuletwa. Mtu aweza kuchagua mchana kutwa bila kumwagiza mtu yeyote kitu chochote.

II. Merikani

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Marekani, ambayo kwayo Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika nchi zake kwa ushuru wa mali iingiayo wa 5 kwa 100. Mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Nazo zilileta, zaidi ya vitu vyote, nguo nyeupe ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi. Watu wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka: merikani.

Nguo hiyo ilipendwa kwa sababu zilizo wazi kwa kila mtu avaaye nguo moja mwaka mzima. Ilikuwa ya nguvu, haikujazwa wanga mwingi wa kuidanganya mikono ya mnunuzi, na ilifuliwa mara nyingi bila kuwa utando wa buibui. Waingereza walijaribu kuiiga kwa nguo nyepesi iliyokuwa na bei ndogo, wakaona wanunuzi wanaigusa, wanaiinua juani, kisha wanairudisha. Jora la merikani, lenye yadi 30 hivi, likawa karibu sawa na fedha katika njia zote za bara. Kibarua alilipwa kwa shuka, yaani mikono 4. Vitu vikubwa vilinunuliwa kwa doti, ambayo ni shuka 2, mikono 8. Huko Ugogo, mahali penye maji haba, watemi waliwatoza wenye misafara hongo kwa hesabu ya nguo, ndipo wapite. Wasomaji wataona ya kuwa neno hongo limebaki, lakini limeshuka cheo: zamani lilikuwa ushuru wa njia uliotozwa hadharani na mwenye nchi, na leo ni rushwa itolewayo gizani.

Ushanga nao ulikuwa na sheria zake. Henry Stanley, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872, aeleza taabu aliyoipata kabla ya kuondoka Unguja, kwa kuwa ilimpasa kujua ni ushanga gani utakaopokewa katika nchi ipi. Ule mweusi ulikuwa fedha Ugogo, na nje ya Ugogo haukutakiwa na mtu. Mweupe ulipendwa Ufipa, ukadharauliwa kwingineko. Mwekundu, ulioitwa samesame, ulikuwa na njia zake. Msafara uliobeba ushanga usiotakiwa uliweza kulala njaa katikati ya mashamba yenye mtama. Basi habari za mapenzi ya watu zilishuka kutoka bara hata Tabora, kutoka Tabora hata Unguja, na kutoka Unguja zikasafiri kwa barua hata kwa wenye viwanda. Huko ndiko kuagiza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, tangu 1861 hata 1865, pamba ikawa adimu, na merikani ikapanda bei. Baada ya vita Wamarekani walirudi. Lakini katika miaka iliyofuata viwanda vya mvuke vya Bombay, ambavyo cha kwanza kilianzishwa mwaka 1854, vilijifunza kufuma nguo ile ile kwa uzito ule ule. Kabla ya karne kwisha, merikani iliyovaliwa kwetu ilitoka zaidi Bombay kuliko Massachusetts. Jina halikubadilika. Nchi ya asili ilisahauliwa, na neno likabaki kuwa kipimo cha ubora, nacho kilikuwa kipimo cha wanunuzi: nguo isiyokifikia haikuwa merikani, hata ikiwa imetoka Marekani yenyewe.

III. Yaliyofunikwa na nguo hiyo

Mtu aweza kuzisoma habari hizi akafurahi kupita kiasi. Kwa hiyo yatupasa kuufunua na upande wa pili.

Nguo ile haikutolewa bure. Ilinunua pembe za ndovu, ambazo katika jimbo la Connecticut zilikatwa ziwe vitana na vibao vya kubonyezea vya piano. Nayo ilinunua watu. Mateka wengi waliofikishwa pwani walibadilishwa kwa doti na shanga zile zile ambazo uchaguzi wake twausifu. Aliyekuwa na pembe aliweza kuagiza. Aliyekuwa hana kitu, yeye mwenyewe aliweza kuwa bei ya nguo ya mwingine. Kwa hiyo tusemapo kwamba "watu wa Afrika ya Mashariki" waliviamuru viwanda vya Salem, lazima tuulize ni watu gani, na ni nani aliyelipa.

Tena walikuwako wafumaji wetu. Richard Burton, aliyepita katika nchi hizi kati ya 1857 na 1859, aliona vitambo vya kufumia Unyamwezi. Rufiji walifuma, Ufipa walifuma nguo nzito ya pamba ya kwao, na Mogadishu palikuwa na wafumaji mashuhuri tangu karne nyingi. Wote walibanwa na nguo ya mashine. Kazi hiyo ilidumu Ufipa kuliko mahali pengi, hata huko nako ikafifia. Hapa maneno ya Rodney yana nguvu: mkono mmoja wa jamii uliagiza nguo ya ng'ambo, na mkono mwingine ukapoteza kazi yake. Walakini tusisahau ya kuwa wanunuzi hawakulazimishwa na mtu kuiacha nguo ya Ufipa. Waliiacha kwa kupima bei, na hilo ndilo linaloifanya habari hii kuwa ngumu kuliko hadithi ya mwizi na mwenye nyumba.

IV. Pamba ya lazima

Upo wakati mmoja ambao watu hawakuagiza wala hawakuchagua. Serikali ya Kidachi ilitaka pamba kwa viwanda vya Ujerumani, ili visitegemee pamba ya Marekani. Tangu mwaka 1902 ilianzisha katika sehemu za kusini ya pwani mashamba ya pamba ya jumla, ambayo watu walipelekwa kuyalima chini ya maakida na majumbe, kwa ujira usiotosha, wakati mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Nguvu ya dunia haikuja hapa kwa sura ya jora la nguo dukani. Ilikuja kwa sura ya kiboko.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ishara iliyoanzisha vita vya Majimaji. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, kama vile kodi, kazi za lazima, ukali wa maakida, na maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliyowaunganisha watu wa makabila mengi. Lakini yafaa mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake ya kuwa tendo la kwanza halikuwa kuua mtu. Lilikuwa kung'oa mmea. Watu walitoa jibu lao kwa lugha iliyoeleweka. Jibu hilo likazimwa kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula ghalani, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Habari nyingi za mambo haya zingalipotea kama walimu na wanafunzi wa Dar es Salaam, mwaka 1968, wasingaliwaendea wazee waliokuwa hai bado na kuyaandika maneno yao.

V. Kanga

Huko Unguja, katika miaka ile ile, jambo la namna nyingine lilikuwa likiendelea kimya kimya. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa kisheria. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya mji wa Unguja baada ya utumwa, aonyesha ya kuwa watu waliokuwa watumwa walianza kubadili mavazi mara moja. Mjakazi alikuwa akivaa merikani nzito au kaniki, nguo iliyotiwa nili ikawa nyeusi, wala hakujifunika kichwa. Sasa aliiacha kaniki akanunua kanga yenye rangi, akajitanda. Nguo hiyo ilitoka ng'ambo. Uhuru aliouvaa ulikuwa wake.

Asili ya kanga yasimuliwa hivi na wazee. Wareno walileta vitambaa vya mkono vilivyoitwa kwa lugha yao lenço, ndilo leso letu. Wanawake walivinunua kabla havijakatwa, wakaviunga vitatu vitatu kwa safu mbili, ikawa nguo moja pana. Baadaye wafanyi biashara wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa mfano huo. Na kwa sababu ya madoa yake, watu wakaiita kwa jina la ndege kanga. Hata leo Mombasa wengi husema leso, na Unguja na Dar es Salaam kanga. Nayo huuzwa kwa doti, nguo mbili pamoja, hata neno la misafara lingali hai sokoni ingawa wauzaji wengi hawajui limetembea njia gani.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji, na jina. Jina ni yale maneno yaandikwayo, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, latajwa na wengi kuwa miongoni mwa yaliyoeneza desturi hiyo. Na nguo zenyewe zilipigwa chapa wapi? Uholanzi, kama katika kiwanda cha Vlisco huko Helmond, Uingereza, kisha Japani na India. Fundi wa Helmond, asiyejua neno moja la Kiswahili, alichonga herufi za methali na mafumbo ya mapenzi, ya husuda na ya subira, kwa sababu barua kutoka Mombasa au Unguja ilimwambia hivyo. Alipokosea herufi, au alipochelewa hata mtindo ukapita, nguo haikununuliwa. Mwenye duka naye alisikiliza maneno ya wanawake kabla ya kuiandika barua yake.

Twaona ya kuwa kanga ni mfano mwema kuliko yote wa kuagiza. Mashine ilikuwa ya wageni, pamba ilikuwa ya wageni, faida kubwa ilikwenda kwa wageni. Lakini maneno yalikuwa ya wenyewe. Mwanamke asiyepewa nafasi ya kusema barazani aliweza kumpita jirani yake amevaa jibu lake, wala hakuna aliyeweza kumshitaki kwa kusema.

VI. Viwanda vyetu

Baada ya uhuru, nchi zetu zilitaka kupita hatua ya kuagiza zifike kwenye kufuma. Tanzania ilijenga viwanda kadha wa kadha. Kimoja ni kile cha Urafiki huko Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kenya ilikuwa na viwanda vyake, kama vya Kisumu na Eldoret. Kwa mara ya kwanza iliwezekana pamba ilimwe Shinyanga, ifumwe Dar es Salaam, ipigwe chapa ya kanga huko huko, na ivaliwe Tanga.

Kuanguka kwa viwanda hivyo hakukuwa na sababu moja. Mashine zilichakaa bila vipuri, umeme ulikatika, madeni yalizidi, na uongozi wa baadhi yao haukuwa mwema. Mwanzo wa miaka ya 1980 nguo ziliadimika sana Tanzania. Tangu mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na kwa milango hiyo ziliingia nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia, na pamoja nazo nguo kuukuu.

VII. Mitumba

Nguo kuukuu ziliitwa kwanza kwa majina ya mzaha. Tanzania watu walisema kafa Ulaya, kana kwamba kila koti ni urithi wa maiti. Baadaye jina mitumba likashinda. Uganda husema mivumba. Zambia jina ni salaula, nalo kwa Kibemba ni kuchambua katika rundo. Rwanda huziita caguwa, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua: ni chagua. Majina haya mawili ya mwisho yametolewa na watu wa nchi mbili zilizo mbali, nayo yasema neno moja. Watu walipoitazama biashara hii, waliona kwamba shani yake ni kuchagua.

Nayo ni shani kweli. Karen Tranberg Hansen, aliyeandika mwaka 2000 juu ya salaula ya Zambia, aonya tusimdharau mnunuzi wa mitumba kana kwamba avaa makombo ya Mzungu. Yeye hutazama mishono, hupima kitambaa, hulinganisha rangi, kisha humpelekea fundi wa cherehani apunguze kiuno na kugeuza kola, hata nguo inakuwa kitu ambacho mwenyewe wa kwanza asingekitambua. Katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo bora za belo lililofunguliwa hivi punde huitwa kamera, na zile za mwisho, zilizobaki chini, huitwa fagia. Watu wasiojali hawana haja ya kutunga maneno kama hayo. Tena maelfu hupata riziki kwa kupakua, kuuza, kufua, kupiga pasi na kushona; na mzazi mwenye watoto watano huwavika wote kwa fedha ambayo dukani ingenunua shati moja.

Lakini sasa na tulirudie swali letu. Mnunuzi huyu achagua, je, aagiza? Mwenye kuingiza mabelo huweza kutaja aina, suruali au nguo za watoto, na wapo wachambuzi huko Kandla, India, na penginepo, wanaopanga mizigo kwa kufuata soko iendako. Hapo imebaki sauti kidogo. Walakini shati lenyewe lilikwisha kukatwa na kushonwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa mwili wake na hali ya hewa ya kwao. Hakuna barua itokayo Gikomba au Karume ya Dar es Salaam inayomwambia mfumaji afume nini, kwa sababu kazi ya mfumaji ilikwisha zamani. Belo huuzwa limefungwa, na mchuuzi akilifungua akakuta nguo zilizochanika, hasara ni yake. Babu zake waliirudisha nguo iliyojaa wanga; yeye hana wa kumrudishia.

Garth Frazer, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2008, alikadiria ya kuwa kuingizwa kwa nguo kuukuu kulichangia kama 40 kwa 100 ya upungufu wa nguo zilizoshonwa viwandani Afrika kati ya 1981 na 2000. Wengine huzipinga hesabu za namna hii, wakisema nguo mpya za Asia zina sehemu kubwa zaidi ya lawama. Hata ikiwa hivyo, mkulima wa pamba wa Shinyanga na mfumaji wa Eldoret wamebaki wakiitazama nguo ipitayo mbele yao bila kupita mikononi mwao.

VIII. Jaribio la mwaka 2016

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha waliazimu kuondoa mitumba kidogo kidogo, ikome kuingia kabla ya mwaka 2019, ili viwanda vya kwetu vipate nafasi. Mwaka uliofuata chama cha wafanyi biashara ya nguo kuukuu cha Marekani kiliishitakia serikali yake, na serikali hiyo ikaonya ya kuwa nchi zitakazofunga mlango zaweza kunyimwa ruhusa ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, waliyokuwa nayo kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya, iliyokuwa ikiuza huko nguo nyingi, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia: ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola hata dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 ikaondolewa haki ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru.

Mwaka 1833 Marekani ilikuja Unguja kuomba mlango, na ushuru wa 5 kwa 100 ulikuwa katika mapatano ya pande mbili zilizohitajiana. Mwaka 2018 mwenye nyumba alipotaka kuurudisha mlango nusu, alikuta kwamba bei ya kuurudisha imewekwa na mgeni.

IX. Yatupasayo kuyatafuta

Twaweza sasa kujibu. Si kweli kwamba watu wetu walitandazwa tu kama mkeka. Merikani na kanga zashuhudia kinyume. Wala si kweli kwamba werevu wa kuchagua watosha kuwa nguvu. Mnunuzi wa leo si mjinga kuliko yule wa Ugogo. Kilichopungua si akili yake, bali ni ile njia ambayo neno lake lilimfikia mfumaji, na uwezo wa kumfanya mfumaji apate hasara akilidharau. Jamii ndogo hukutana na dunia kubwa kwa heshima pale ambapo ina kitu kitakiwacho, ina habari za soko, na yaweza kukataa. Kimoja cha hivi kikikosekana, hubaki kuchagua. Na vyote vikikosekana, hufika kwenye shamba la pamba la mwaka 1902.

Kwa hiyo mwalimu afundishaye mambo haya asiwaulize wanafunzi kama mambo ya ng'ambo ni mema au mabaya, maana swali hilo halina mwisho. Na awaulize juu ya kila kitu kiingiacho kijijini, kiwe mbegu, simu, dawa au nguo: ni nani aliyekiagiza? Ni nani alipaye kikiharibika? Tena, twaweza kukikataa, na tukikikataa itakuwaje?

Mwisho twawaomba wasomaji wetu jambo moja. Majina ya nguo za zamani yanapotea pamoja na wazee waliozivaa. Merikani na kaniki vijana wengi hawazijui. Kipimo cha mkono kimeachwa. Na majina ya kanga za miaka ya nyuma, ambayo kila moja lina kisa chake, hayakuandikwa yote. Kila mwalimu ayakusanye yale ya wilaya yake kutoka kwa vinywa vya mabibi, aandike jina, mwaka ikiwa wajulikana, na habari ya aliyeivaa na sababu yake. Mwenye kutaka kujua siku watu wetu walipokuwa na sauti katika soko la dunia, na siku ilipopungua, ataikuta imeandikwa katika majina hayo.